Benz 230E iliyotolewa injekta ikafungwa kabureta: pampu ipi ya mafuta ni sahihi?

Kisasa_W123

Habari za jioni wakuu. Gari ni Mercedes W123, 230E ya 1983, injini M102, ipo hapa Dodoma. Mfumo wa K-Jetronic (injekta za kimakanika za Bosch) umeshatolewa na juu ya adapta imekaa kabureta ya Weber 32/36. Pampu ya mafuta ni ileile ya Bosch iliyokuja na gari, ya chini, nyuma karibu na ekseli. Kabla ya kabureta fundi ameweka regyuleta ndogo ya presha, ya kuzungusha kwa mkono, ina namba 1 hadi 6, ameiacha kwenye 3.

Asubuhi inawaka bila shida. Ikishapata moto na kukaa kwenye foleni, au ikizimwa dakika kumi tu, kuiwasha ni kazi. Harufu ya petroli inajaa chini ya boneti, plagi nyeusi kama sufuria ya kuni, na ulaji umepanda. Mmoja anasema boya limetoboka, mwingine anasema ni joto la Dodoma, wa tatu anataka kufunga pampu ya Toyota Mark II ndani ya tenki.

Nataka ninunue pampu mara moja tu. Iwe ya presha ngapi, lita ngapi kwa saa, na ikae wapi? Au hii ya zamani inaweza kubaki? Natanguliza shukrani.

Sindano2mm

Mkuu, hiyo ya Bosch itoe, na ya Mark II usiifikirie kabisa. Zote mbili ni pampu za injekta. Ya K-Jetronic inasukuma bar 5 na ushee, ya Mark II ya EFI (injekta za umeme) inafanya kazi kwenye bar 3 hivi. Weber 32/36 inataka psi 2.5 hadi 3.5 basi. Bar moja ni psi 14.5, kwa hiyo ulichofunga pale nyuma kina uwezo wa zaidi ya psi 70.

Ili uone tofauti ilivyo: psi 3 inaweza kuipandisha petroli kwenye bomba lililosimama kama mita 2.8, yaani dari ya sebuleni. Bar 5 ingeipandisha karibu mita 70, ghorofa ishirini na kitu. Sasa anayezuia hayo yote ndani ya kabureta ni sindano moja inayoinuliwa na boya. Tundu la sindano ya hiyo Weber kwa kawaida ni 2.00 mm. Kwa psi 3 petroli inaisukuma sindano ifunguke kwa nguvu sawa na uzito wa gramu 6 au 7, na boya linaimudu. Kwa bar 5 nguvu hiyo inafika gramu 160. Hakuna boya la kabureta hiyo litakaloshinda, hata likiwa jipya kutoka kwenye boksi. Ndiyo maana kubadilisha boya hakutakusaidia kitu kabla hujashusha presha.

Utauliza, mbona asubuhi inakwenda na regyuleta ipo? Hizo regyuleta ndogo zimetengenezwa kupokea pampu za kabureta, psi 7, 10, labda 15. Ukiipa 70, kiti chake cha ndani hakizibi sawasawa. Gari ikiwa inatembea mafuta yanatumika, presha haipati nafasi ya kupanda. Ukisimama kwenye foleni matumizi yanakuwa madogo sana, basi presha inajipenyeza kidogo kidogo mpaka inaisukuma sindano, bakuli linajaa na petroli inaanza kutiririka kwenye koo la kabureta.

Na hili la kuzima dakika kumi lina jibu lake. Angalia pale nyuma pembeni ya pampu: kuna kopo la chuma lenye spiringi ndani, akyumuleta. Kazi yake, pamoja na valvu ya kuzuia mafuta kurudi iliyoko mdomoni mwa pampu, ni kushikilia presha kwenye bomba baada ya injini kuzimwa, ili injekta ziwake vizuri zikiwa na moto. Kwenye injekta ni kitu kizuri. Kwenye kabureta ni balaa, maana umezima gari wewe, lakini bomba bado linaendelea kusukuma petroli ndani ya bakuli. Je, fundi aliitoa au bado ipo?

Kisasa_W123

Bado ipo, mkuu. Na chujio la chuma la K-Jetronic pia lipo palepale.

Sindano2mm

Basi vyote vitatu vinatoka: pampu, akyumuleta, chujio. Lile bano lao pamoja na kava ya plastiki uviache, pampu mpya utaifunga hapohapo. Mahali penyewe pamechaguliwa vizuri na waliotengeneza gari: chini ya usawa wa tenki na mbali na moto wa injini.

Halafu kabla ya kuendesha tena, chomoa dipstiki ya oili. Ikinuka petroli, au kina kimepanda kuliko ulivyoacha, mwaga oili yote na ubadilishe na filta. Petroli iliyofurika inashuka kupitia ringi za pistoni na kuifanya oili iwe nyepesi kama maji, na beringi za krankishafti zinakwenda hivyohivyo huku unahangaika na plagi.

Mkonze_Gereji

Niongeze kwenye hesabu ya lita, maana hapo ndipo watu wengi wananunua pampu kubwa wakidhani wanajisaidia.

M102 ya 230E ikiwa na injekta ilitoa farasi 136. Injini ya petroli yenye kabureta, ikikanyagwa mwisho, inakula kama ratili nusu ya petroli kwa kila farasi kwa saa. 136 mara nusu ni ratili 68, yaani kilo 31, na petroli ikiwa kilo 0.74 kwa lita unapata kama lita 42 kwa saa. Hiyo ni mguu umefika sakafuni saa nzima, jambo ambalo halitokei hata ukiwa unachelewa Morogoro. Na 32/36 haitakupa farasi wote 136. Weka akiba, sema lita 55 hadi 60 kwa saa, zikipimwa kwenye presha ya kazi. Namba inayoandikwa kwenye boksi kwa kawaida ni ya mdomo ukiwa wazi bila kizuizi chochote.

Kwa hiyo unatafuta pampu ya kabureta, volti 12, psi 2.5 hadi 4 hivi, ambayo mdomo ukiwa wazi inatoa lita 90 hadi 120 kwa saa. Zile za boksi dogo la mraba aina ya Facet, zinazogonga tik-tik-tik, zinaingia hapo vizuri. Ila soma namba: kuna za 1.5 hadi 4 na kuna za 4 hadi 7, na kwa macho ni mapacha. Ya 4–7 itakurudisha kwenye regyuleta. Holley nyekundu inakuja na psi 7 na ya bluu psi 14, hizo ni za kabureta kubwa za V8, hapa hazina kazi.

Halafu kuna zile silinda nyeusi ndogo zilizoandikwa HEP-02A zimejaa Gerezani na Kariakoo. Umbo moja, namba moja, watengenezaji wengi. Presha utakayoikuta haifanani kutoka boksi hadi boksi. Sisemi usinunue, nasema usifunge bila geji.

KolokoloKondoa

Wakuu, kwa nini kuhangaika hivyo? K-Jetronic tayari ina bomba la kurudisha mafuta kwenye tenki. Si anunue regyuleta ya kurudisha, ya matundu matatu, pampu ya Bosch ibaki, presha iteremshwe mpaka 3, yanayozidi yarudi nyuma? Pampu yenyewe bado nzima.

Mkonze_Gereji

Kwa maandishi inawezekana, na regyuleta ya kurudisha ni bora mara mia kuliko ile ya kuziba njia. Shida ni wingi. Pampu ile inamwaga zaidi ya lita 100 kwa saa, na kabureta ikiwa sailensa (injini inanguruma bila kukanyagwa) inahitaji labda lita moja na nusu. Kilichobaki chote lazima kipite kwenye bomba jembamba la kurudi mpaka nyuma. Bomba lenyewe lina ukinzani wake, na regyuleta haiwezi kushusha presha chini ya ule ukinzani. Unaiweka 3, geji inakuonyesha 5 au 6, unalegeza skrubu mpaka inatoka, inabaki palepale. Hapo watu husema regyuleta ni feki.

Kuna la pili. Mafuta hayo yote yanazungushwa yakapite juu ya injini yenye moto yarudi tenki, siku nzima. Tenki likibaki robo, mchana wa Oktoba, unachemsha petroli kwenye pampu yenyewe. Na inakula umeme mwingi, karibu mara tano au zaidi ya pampu ya tik-tik, ambayo haizidi ampia 1.5 hivi.

Iweke dukani uiuze kwa mwenye 230E ambaye bado ana injekta zake. Atakushukuru.

Sindano2mm

Nakubaliana naye, ila bomba la kurudi usilizibe. Lina kazi bado.

Karibu na kabureta weka T, na kwenye mguu wa T unaokwenda bomba la kurudi weka kizibo chenye tundu la 1 mm. Jeti kuukuu ya kabureta iliyobanwa ndani ya mpira inafaa, bora uijue ni ya 100, yaani 1.00 mm. Kwa psi 3 tundu hilo linapitisha kama lita 12 kwa saa. Ndogo, lakini inatosha mafuta yawe yanatembea muda wote, yasikae yakichemka kwenye bomba pembeni ya eksozi, na mvuke ukijitengeneza unapata njia ya kutoka bila kupita kwenye sindano. Ukizima gari, presha inashuka yenyewe ndani ya muda mfupi, hivyo bakuli halipokei mafuta ya ziada.

Usitoboe 1.5 ukidhani unaboresha. Hapo unarudisha karibu lita 28 kwa saa, na ukizijumlisha na 42 za injini, pampu ndogo inaanza kuishiwa mlimani.

Manyoni_22RE

Samahani kuingilia. Mimi ni Toyota, injini ya injekta 22R-E, nayo nataka kuifunga kabureta ya 22R, ndugu yake wa kabureta. Nitafute pampu hiyohiyo ya tik-tik?

Mkonze_Gereji

Wewe una bahati, mkuu. Kwenye silinda hedi ya 22R-E sehemu ya pampu ya kimakanika ipo, imefunikwa na kibati. Tafuta pampu ya 22R, gasketi yake, na ile kamu ndogo ya kuisukuma, inayofungwa mbele ya gia ya kamshafti kwa boliti ileile. Bila hiyo kamu pampu itakaa kama pambo. Pampu ya 22R ina midomo mitatu: kuingia, kwenda kabureta, na kurudi tenki, na wa kurudi usiuzibe. Presha yake inaendana na kabureta yake, huhitaji regyuleta wala waya. Pampu ya ndani ya tenki itoe kabisa, uweke bomba la kunyonyea lenye kichujio. Ukiiacha ile ya umeme imekufa mule ndani, ya kimakanika itakuwa inanyonya kupitia pampu iliyoganda.

Tumrudie mwenye Benz.

Umeme_Chamwino

Hakuna aliyeuliza kuhusu waya, na ndiko kunakoungua magari.

Mafundi wengi wakishatoa injekta wanachukua umeme wa pampu moja kwa moja kwenye swichi ya ufunguo. Maana yake ufunguo ukiwa ON pampu inasukuma, hata injini imezimika, hata gari imelala ubavuni na mpira wa mafuta umekatika. Kwenye Benz hiyo relei ya pampu ya K-Jetronic inasikiliza mapigo ya ignishoni: injini ikisimama, inakata umeme. Ignishoni yako hujaibadilisha, kwa hiyo relei hiyo bado ina kazi. Iache, peleka waya wake kwenye pampu mpya, na ubadilishe fyuzi: ile kubwa ya zamani haitailinda pampu ya ampia 1.5, weka ya ampia 5 karibu na mwanzo wa waya. Waya wa 1.5 mm² unatosha. Pampu inafungwa juu ya raba kupunguza mlio, na raba haipitishi umeme, hivyo waya wa ardhi uende mpaka kwenye bodi iliyokwanguliwa rangi. Pampu nyingi mpya zinazorudishwa dukani "zimekufa" kumbe ardhi ndiyo haipo.

Jaribio: weka ufunguo ON bila kupiga stata. Pampu isiendelee kugonga. Ikiendelea bila kukoma, kuna mtu ameunganisha nje ya relei, tafuta waya huo.

Ukipata swichi ya mgongano, zile za kukata mafuta gari ikigongwa, zipo kwenye Freelander na Discovery za skrepa, ipitishe waya wa pampu humo. Ifungwe wima kwenye bodi ngumu, isininginie.

Sindano2mm

Sasa ufungaji wenyewe. Anza na tenki. W123 ina kichujio cha wavu kinachofunguliwa kutoka chini ya tenki, mahali mpira mnene unapoingia. Gari ya 1983 kwenye vumbi la huku, kama hakijafunguliwa siku nyingi kina matope. Punguza mafuta kwanza, fanyia nje, betri ikiwa imetolewa. Ukiacha kichujio kichafu pampu ya tik-tik itakuwa inanyonya kwa shida, na pampu hizi ni hodari wa kusukuma lakini wavivu wa kunyonya. Ndiyo sababu nyingine ya kuiweka nyuma, chini, karibu na tenki. Ukiifunga mbele kwenye boneti, inalazimika kunyonya mita tatu na zaidi za bomba, petroli ndani ya bomba inapungukiwa presha, inageuka mvuke upesi. Dodoma ipo kama mita 1,120 juu ya bahari, hewa ni pungufu ya Dar kwa kama asilimia 12, kwa hiyo petroli inachemka mapema zaidi hata kabla hujaongeza jua la Novemba.

Mdomo wa kutolea utazame juu, wima au nyuzi 45, ili hewa isinaswe ndani. Kabla ya pampu weka chujio la wavu, la karatasi liwe baada ya pampu. La karatasi likiwa kabla, likianza kuziba tu pampu inakosa mafuta.

Mpira ni wa petroli, milimita 8, wenye uzi ndani, ulioandikwa SAE 30R7. Ule wa plastiki unaoona mafuta yakipita unapendeza siku ya kwanza, baadaye unakakamaa na kuchomoka kwenye klipu. Mpira mnene wa tenki na mdomo mdogo wa pampu mpya havitaingiliana. Chonga adapta ya shaba kwa fundi lezi, usikaze klipu mpaka mpira ukunjamane, hapo ndipo hewa inapoingilia. Na pampu ikivuta hewa huoni tone la petroli chini, unaona gari inakohoa tu.

Kisha geji. Isiwe ile ya EFI ya kufika psi 100, sindano yake haitaonyesha kitu kati ya 2 na 4. Tafuta ya 0 hadi 15. Iweke kwenye T mbele ya kabureta. Kwanza injini ikiwa imezimwa, chomoa relei, unganisha matundu namba 30 na 87 ya soketi yake kwa waya mfupi uone presha ya juu kabisa ambayo sindano itakutana nayo. Ikizidi 3.5 hapo ndipo unahitaji regyuleta, na ile yako ndogo sasa itafanya kazi vizuri kwa sababu inapokea psi 4 au 5, si 70. Halafu toa mpira kwenye kabureta, uelekeze kwenye chupa iliyopimwa: nusu lita ijae ndani ya sekunde 30 au chini yake. Hiyo ni lita 60 kwa saa. Chupa ikae mbali na betri, na anayeunganisha waya awe kwenye relei, asiwe juu ya chupa.

Kisasa_W123

Shukrani sana wakuu. Nimefunga ya mraba, akyumuleta nimetoa, T na jeti ya 100 zimekaa. Injini ikiwa imezimwa geji inasoma 3.4, sailensa inasoma 3.1. Nusu lita imejaa kwa sekunde 24. Harufu imekwisha. Ila ikiwa na moto, kuwaka bado inachelewa kidogo, inataka kukanyagwa. Mvuke au bado inafurika?

Sindano2mm

Namba zako ni safi kabisa, hapo lita 75 kwa saa. Usiguse pampu tena.

Kujua ni lipi: zima ikiwa na moto, toa kifuniko cha chujio la hewa, subiri dakika tano, kisha chungulia koo kwa tochi huku umeshika waya wa mafuta, ule unaovutwa na kikanyagio. Ukiona tone linaning'inia kwenye kinywa cha katikati na kudondoka, kiwango cha boya kiko juu au sindano imekwaruzwa na ile presha ya zamani. Ukivuta waya wa mafuta mara moja, petroli irushwe kwa mshale mzima. Isiporuka, au ikitoka povu, bakuli limekauka kwa joto, hilo ni suala la kuweka kikinga moto chini ya kabureta.

Kisasa_W123

Tone lipo. Linadondoka kila sekunde tatu nne, kisha linaacha.

Sindano2mm

Sindano na kiti chake, badilisha vyote viwili, 2.00. Ilikaa na bar 5 mgongoni muda mrefu, ncha itakuwa na mstari unaouona kwa kucha. Ukifunga, simamisha kifuniko wima, ulimi wa boya uguse kijipira cha sindano bila kukibonyeza, upime kutoka uso wa kifuniko mpaka ukingo wa chini wa boya: boya la shaba 41 mm, la plastiki 35 mm. Mafundi wengi wanaweka 41 kwa yote.

Mkonze_Gereji

Na plagi zikibaki nyeusi kidogo baada ya hapo, sasa ndipo uguse jeti. Weber hiyo imekuja na jeti za usawa wa bahari, kwa urefu wa Dodoma inatoa mafuta kidogo ya ziada. Ila mpaka sindano iwe mpya, maana ukipunguza jeti juu ya kabureta inayofurika, ukifika mlima wa Nyang'oro unaelekea Iringa gari itakosa nguvu na utarudi kuilaumu pampu.

Klipu zote zikaze upya baada ya kilomita 200. Mpira mpya hulala.